UZI: Ukurasa mmoja mweupe. Kitabu cha vichekesho cha Len Shackleton na yale yanayotokea nyuma ya pazia la mpira

Mtunza Jezi (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Wale mliokuwa mnanitafuta kwenye uzi wa usajili, nimerudi, ila leo nina jambo jingine. Ni refu, kwa hiyo mwenye chai aiweke karibu.

Nimekuwa mtunza vifaa wa timu moja ya mpira kwa misimu sita, enzi zile ligi ya pili kwa ukubwa ikiitwa Ligi Daraja la Kwanza. Timu siitaji na naomba msinibane. Mtunza vifaa ndiye anayefua jezi, anayehesabu soksi, anayejua kiatu cha nani kimetoboka na nani kavaa njumu za kuazima. Anaingia chumba cha kubadilishia nguo kabla ya wachezaji na anatoka baada yao. Watu wakishamzoea wanaongea kila kitu mbele yake, kama vile wako peke yao na kabati.

Misimu yote hiyo nilikuwa najiuliza: haya ninayoyaona yanaandikwaje? Ukiyaandika kwa hasira, utaambiwa una kinyongo kwa sababu hukulipwa. Ukiyaandika kama ripoti, mnajua wenyewe ripoti za mpira zinakoishia. Nilikuja kupata jibu kwenye kitabu kilichotoka Uingereza mwaka 1955, nakala chakavu niliyoazimwa na mwalimu wangu wa zamani. Kinaitwa Clown Prince of Soccer. Kwa Kiingereza, neno la taji na neno la mchekeshaji wa sarakasi yanapishana herufi moja tu, kwa hiyo mwana wa mfalme akageuzwa mwana wa vichekesho. Hilo ndilo lilikuwa jina la utani la mwandishi, Len Shackleton, mshambuliaji wa Sunderland.

Kwa wasiomjua: alizaliwa Bradford mwaka 1922. Akiwa kijana alichukuliwa na Arsenal, wakamrudisha kwao kwa sababu ya umbo lake dogo. Oktoba 1946 Newcastle United wakamnunua kutoka Bradford Park Avenue kwa pauni 13,000. Mechi yake ya kwanza Newcastle waliifunga Newport County 13-0, na yeye peke yake akaweka 6. Kuna maneno yake kuhusu mechi hiyo yanayorudiwa mpaka leo: kwamba Newport walibahatika hata kupata hiyo sifuri.

Uwanjani alikuwa mtu wa kuudhi mabeki. Alikuwa anagongeana na kibendera cha kona kama vile ni mchezaji mwenzake. Alikuwa anaukanyaga mpira, anasimama, anajifanya anachana nywele huku beki akimtazama. Alikuwa na pasi inayokwenda mbele halafu inageuka na kumrudia mwenyewe, kwa namna alivyoukata mpira kwa chini. Watu walikuwa wanalipa kiingilio kwenda kumwangalia yeye.

Sasa twende kwenye kitabu. Unasoma, unacheka, unasoma, unafika kwenye sura moja yenye kichwa cha habari kinachosema: Ujuzi wa Mkurugenzi wa Kawaida Kuhusu Mpira. Chini ya hapo ukurasa ni mweupe. Hakuna neno. Kuna maelezo mafupi tu ya mchapishaji kwamba sura hii imeachwa wazi kwa makusudi, kama alivyotaka mwandishi.

Nilicheka mpaka mke wangu akaamka kuniuliza kuna nini. Halafu nikanyamaza, maana nilikumbuka siku moja ugenini.

Tulikuwa tunaongoza 1-0. Mapumziko, vijana wamekaa chini, mimi nagawa maji ya glukosi kwenye vikombe vya plastiki. Mlango ukafunguliwa, akaingia kiongozi mmoja wa klabu na wapambe wawili. Kocha alikuwa amepiga magoti, anachora kwa kidole kwenye vumbi la sakafu, anamwonyesha beki wa kushoto namna ya kukaa. Kiongozi akasimama juu ya ule mchoro na viatu vyake, akasema: "Huyu namba sita mtoe. Kazi yake kukaa nyuma tu, mbele haendi."

Namba sita alikuwa kiungo mkabaji. Kukaa nyuma ndiyo kazi aliyopewa, na ndiyo iliyokuwa inatulinda.

Kocha alikuwa anadai mshahara wa miezi miwili na kodi ya nyumba imekwisha. Nilimwona anaangalia mlango, anaangalia vijana, halafu akamgusa namba sita begani. Yule kijana hakusema kitu. Alivua jezi, akaikunja vizuri, akanikabidhi mkononi. Tulifungwa mawili kipindi cha pili, yote yakipitia katikati, pale alipokuwa anasimama.

Basi nilipouona ule ukurasa mweupe nikajua kuna mtu mwingine alikuwa kwenye chumba kama kile, mbali kabisa, miaka mingi kabla sijazaliwa. Ndiyo sababu nimefungua uzi huu. Naamini kabisa kwamba mpira wetu unahitaji kitabu cha vichekesho kilichoandikwa na mtu wa ndani. Karibuni tujadili.

---

Mwana Tanga

Asante kwa uzi mkuu, umenikumbusha mbali. Ila swali la kichokozi: huyu bwana si aliandika kwa uchungu wa kuachwa timu ya taifa? Mchezaji asiyepangwa ana maneno mengi sana, tunawajua hata hapa kwetu.

---

Mtunza Jezi

Swali zuri, na nalijibu kwa utaratibu maana ndani yake ndimo ukali wa ule ukurasa ulipo.

Ni kweli aliachwa. Mtu wa kiwango kile alichezea England mechi 5 tu. Ya mwisho ilikuwa Desemba 1954 pale Wembley dhidi ya Ujerumani Magharibi, waliokuwa wametoka kuchukua Kombe la Dunia miezi michache nyuma. England wakashinda 3-1, na moja la Shackleton: aliudokoa mpira ukampita kipa juu na kutua wavuni taratibu. Kawafunga mabingwa wa dunia, na hakuitwa tena.

Sasa angalia nani alikuwa anachagua timu. England walikuwa na kocha, Walter Winterbottom, lakini kikosi hakikuwa chake peke yake. Kulikuwa na kamati ya uteuzi, na kwenye kamati hiyo walikaa wakurugenzi wa klabu. Yaani watu walewale. Mfanyabiashara wa mji anaweka fedha klabuni, anapata kiti cha ukurugenzi, kiti kinampeleka kwenye kamati za chama, na kamati inamwambia kocha wa taifa nani acheze. Bob Lord, aliyekuwa mwenyekiti wa Burnley kuanzia 1955, biashara yake ilikuwa nyama. Sina neno na wauza nyama, marehemu babu yangu alikuwa na bucha. Ninachosema ni kwamba fedha ya kununulia kiti haimfundishi mtu kazi ya kiungo mkabaji.

Alf Ramsey alipopewa timu ya England alitaka achague kikosi mwenyewe, kamati isimwingilie. Akaanza kazi 1963. Mwaka 1966 wakachukua Kombe la Dunia.

Kwa hiyo uchungu alikuwa nao, sikatai. Lakini angeandika kurasa 20 za kulalamika wangemjibu kwa kurasa 20. Ukurasa mweupe utaujibu nini? Mkurugenzi akijitokeza kusema "huyu kanisema mimi," amejitaja mwenyewe.

---

Mzee wa Gerezani

Mtunza Jezi umetaja Sunderland ukapita kama umetaja stendi ya basi. Rudi nyuma kijana wangu. Mnaojiita Simba leo mnajua mlikuwa mnaitwaje?

Klabu ilianzishwa 1936. Ikaitwa Queens, ikaitwa Eagles, halafu ikaitwa Sunderland. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965 bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, na 1966 wakachukua tena. Jina la Simba limekuja 1971, wakati majina ya kigeni yanaachwa. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, baba yangu aliendelea kusema "Sunderland" mpaka anaingia kaburini. Ukimsahihisha anakasirika.

Kwa hiyo hicho kitabu chako, mwandishi wake alivaa jezi ya klabu ambayo jina lake lilikuwa linaimbwa Kariakoo. Hilo si dogo.

---

Mtunza Jezi

Mzee shikamoo. Nakushukuru sana, na nakiri nililipita haraka kwa sababu mimi ni mtu wa Jangwani, yaani Yanga, jina hilo halinitoki kirahisi mdomoni. Lakini haki yako nakupa. Miaka Shackleton anacheza Sunderland ilikuwa 1948 hadi 1957. Na ipo hadithi nyingine ya klabu hiyo inayofaa kwenye uzi huu, nitaileta chini.

Kwa faida ya vijana: mwaka 2015 pale Kidongo Chekundu ilifunguliwa bustani ya michezo ya vijana yenye jina la Rais Kikwete, na Sunderland ya Uingereza ilikuwa miongoni mwa waliohusika. Jina limezunguka likarudi mtaa wa pili tu kutoka Msimbazi, nyumbani kwa Simba.

---

Mjumbe wa Kamati

Nimesoma yote na nasema wazi sikupendezwa. Mimi ni kiongozi wa klabu ndogo ya mkoani. Mwezi uliopita nimeweka pikipiki yangu rehani ili timu ipate nauli ya kwenda kwenye mechi. Mke wangu hajui mpaka leo, anaamini iko gereji. Vijana walikula, walilala, walicheza. Halafu mtu anakuja kuchora ukurasa mweupe kwamba sijui kitu, na watu wanacheka. Bila sisi hiyo timu ya kuchekea ingekuwepo? Vichekesho vya namna hii ni dharau kwa watu wanaojitolea.

---

Mtunza Jezi

Kiongozi, nimekusoma mara tatu kabla ya kujibu. Pole kwa pikipiki, na nasema pole ya kweli. Niliwahi kusafiri na timu kwa fedha ya mtu kama wewe. Bila yeye tungenyang'anywa pointi.

Nakujibu mambo mawili.

La kwanza, Shackleton aliandika "mkurugenzi wa kawaida". Hakuandika kila mkurugenzi. Na wale wa kwake hawakuwa wanaweka pikipiki rehani. Ngoja nikupe hesabu. Mwaka 1948 Sunderland walimnunua kutoka Newcastle kwa pauni 20,050, ada kubwa kuliko zote Uingereza wakati huo. Mshahara wa juu kabisa ambao mchezaji yeyote aliruhusiwa kulipwa ulikuwa pauni 12 kwa wiki msimu wa ligi, na pauni 10 kipindi cha mapumziko. Hiyo ni sheria ya ligi, si ubahili wa klabu moja. Gawanya 20,050 kwa 12. Inakuja wiki 1,670 na ushei, zaidi ya miaka 32 ya kazi. Klabu moja iliilipa nyingine kwa siku moja fedha ambayo mchezaji mwenyewe angeipata akicheza mpaka awe babu.

Na mkataba ukiisha hakuwa huru. Klabu ilikuwa na haki ya kubaki na jina lake. Wasipomtaka na wasipomuuza, anakaa tu, hachezi kokote kwenye ligi ile. Hayo yote Shackleton ameyaandika, bila mzaha, kwenye kurasa nyingine. Watu wanaukumbuka ukurasa mweupe na kusahau kwamba umezungukwa na kurasa zenye hesabu za mishahara na mikataba. Ule mweupe ndio uliwafanya watu wafungue hizo nyingine.

La pili ni hiyo hadithi ya Sunderland niliyoahidi. Miaka ile waliitwa klabu ya Benki ya Uingereza kwa namna walivyokuwa wanamwaga fedha kwenye usajili. Mwaka 1957 chama cha soka kikagundua kwamba klabu ilikuwa inawalipa wachezaji fedha za siri juu ya ule mshahara uliowekwa. Kwenye vitabu vya hesabu zilifichwa kama manunuzi, yakiwemo mabua makavu ya kufunika uwanja wakati wa baridi kali. Yaani uwanja mmoja ulikuwa unatandikwa mabua ambayo kama yangekuwa ya kweli yangefunika mji. Klabu ikapigwa faini ya pauni 5,000, mwenyekiti Bill Ditchburn akafungiwa, na msimu uliofuata wakashuka daraja kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Sasa niambie kiongozi, hiyo ya mabua inaandikwaje bila mtu kucheka? Huwezi. Iko hivyo yenyewe. Mwandishi kazi yake ni kuitaja kwa usahihi: mabua, kiasi, mwaka.

Na wewe pia una ukurasa wako. Kiongozi aliyeweka pikipiki rehani kwa ajili ya nauli, na mkewe anaamini iko gereji, hiyo ni sura nzima. Msomaji atacheka kwenye gereji na koo litamkaba kwenye nauli. Kitabu ninachokitaka kina nafasi ya yule aliyekanyaga mchoro wa kocha, na kina nafasi yako. Nakuomba uniruhusu niiandike, bila jina wala mkoa.

---

Mjumbe wa Kamati

Nimekuelewa. Ruhusa unayo. Ila andika "bodaboda ya jirani", mke wangu anasoma humu.

---

Nairobi Mashariki

Wadau salamu kutoka huku Nairobi. Uzi mtamu sana huu. Mimi nataka kujua kitu kimoja: hicho kitabu kilileta mabadiliko gani? Maana huku kwetu tumecheka viongozi wa kandanda miaka na miaka, tunawachora, tunawaigiza kwenye redio, na wao wanacheka pamoja nasi kisha wanaendelea. Mwaka 2022 FIFA ikatupiga marufuku kwa sababu ya mvutano wa serikali na shirikisho, timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ikakaa nje ya michuano, na vichekesho vikaendelea vilevile. Nahisi wakati mwingine kicheko kinatupumzisha mahali ambapo tungepaswa kukasirika.

---

Mtunza Jezi

Ndugu yangu, hili ndilo swali ambalo limeninyima raha tangu nilipoanza kukipenda kitabu hiki, na sitaki kukupa jibu la kukufurahisha.

Kitabu kilitoka 1955. Kima cha juu cha mshahara kiliondolewa Januari 1961. Kilichokiondoa ni chama cha wachezaji chini ya Jimmy Hill, ambaye mwenyewe alikuwa anacheza Fulham. Wachezaji walipiga kura, wakasema watagoma, na klabu zikasalimu amri siku chache kabla ya mgomo wenyewe. Wakati huo mshahara wa juu ulikuwa pauni 20. Muda si mrefu Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa pauni 100 kwa wiki.

Ile haki ya klabu kumzuia mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha ilivunjwa na mahakama. George Eastham aliishtaki Newcastle United, klabu ileile ya zamani ya Shackleton, na mwaka 1963 Jaji Wilberforce akasema utaratibu ule unambana mtu isivyo halali kwenye kazi yake. Na hata hapo haukuisha wote. Ulaya ilibidi isubiri kesi ya Bosman, mchezaji wa Ubelgiji, mwaka 1995.

Kwa hiyo hapana, ukurasa mweupe haukumwongezea mchezaji hata senti. Ila fikiria mchezaji wa mwaka 1961 aliyekuwa ukumbini anapiga kura ya kugoma. Amekua akisikia wakurugenzi wanaitwa waungwana, anavua kofia wakipita. Halafu mmoja wa wachezaji waliopendwa kuliko wote nchini anachapisha kitabu, kinauzwa madukani, na humo anawaambia hao waungwana hawajui kitu. Na mbingu haikuanguka. Mimi nadhani kuna woga fulani ambao unatoka mwilini kwa kucheka, na ukishatoka hapo ndipo hayo mengine yanawezekana. Siwezi kukuthibitishia kwa hesabu. Nakwambia kama mtu niliyekuwa naogopa kuinua macho kiongozi akiingia, na nilipofunga kile kitabu nilikuwa siogopi tena.

Ulichosema kuhusu kicheko kinachopumzisha, nakubali kipo. Nadhani tofauti ni hii: kile cha redioni kinaiga sauti ya kiongozi, kitambi chake, namna anavyotamka maneno. Kiongozi mwenyewe anakifurahia, kinampa umaarufu. Shackleton hakuiga sauti ya mtu. Alikwenda kwenye kazi yenyewe: unajua nini kuhusu mpira? Hapo hakuna wa kucheka pamoja naye.

---

Dada wa Winga

Naomba na mimi niingie maana naona mnaongea kama mpira ni wa wanaume tu.

Nimecheza ligi ya wanawake misimu mitatu. Jezi zetu zilikuwa za timu ya wanaume zilizobaki, zikinifika nusu ya mapaja, tunazikunja kiunoni na kufunga fundo kwa pembeni. Mwamuzi wa siku moja alitukatalia kuingia mpaka tuzichomekee. Tukachomekea. Tulionekana kama tumebeba watoto tumboni, timu nzima. Tulicheka sisi wenyewe mpaka mechi ilichelewa kuanza, na tukashinda.

Ninachotaka kusema ni kwamba watoto wetu wa Serengeti Girls walikwenda India mwaka 2022, Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, timu ya kwanza ya Tanzania kufika kwenye Kombe la Dunia la FIFA, na wakaingia robo fainali. Watu walishangaa wametokea wapi. Wametokea kwenye viwanja vya akina sisi, wenye fundo pembeni ya jezi. Mtunza Jezi, hilo fundo liweke kwenye kitabu chako.

---

Mtunza Jezi

Dada, nimeliandika muda huuhuu. Na naomba uniambie mlikuwa mnafunga kwa kitu gani, uzi au jezi yenyewe? Maana jezi zile za kitambaa cha kuteleza fundo halishiki.

---

Dada wa Winga

Raba za kufungia mboga. Tulikuwa tunaziomba sokoni asubuhi ya mechi.

---

Mtunza Jezi

Raba za kufungia mboga. Hapo ndipo ninaposema lazima mtu wa ndani aandike. Mwandishi wa mjini angeandika "vifaa duni".

Wengi mmeniuliza inbox kama kweli ninaandika. Ndiyo, ninaandika. Nina daftari kubwa la kurasa 200, nimejaza zaidi ya nusu. Sura moja ni hesabu ya basi tu. Safari moja ya ugenini, basi la abiria 30: wachezaji 18, kocha na msaidizi wake, mimi, na wengine 9 ambao kila mmoja alipanda kwa cheo chake na hakuna aliyeshuka tulipogundua kwamba daktari wa timu amekosa kiti. Daktari alifika na lori la mahindi, dakika 20 baada ya mechi kuanza, na begi lake la dawa kalipakata. Mipira tuliyobeba ilikuwa miwili, mmoja una nundu. Kijana wetu wa mipira ya adhabu alikuwa anaupenda huo wenye nundu, alikuwa anaugeuza mpaka nundu inaangalia kulia, ndipo anapiga. Kila kilichomo humo nimekiona kwa macho yangu.

Sura nyingine ni ya barua. Klabu yetu ilikuwa na mhuri uliokaa nyumbani kwa mtu, na mtu huyo akisafiri kwenda msibani, hakuna usajili, hakuna ruhusa ya uwanja, hakuna kitu. Kuna mchezaji alikosa mzunguko mzima wa ligi kwa sababu mhuri ulikuwa kwenye arobaini.

---

Mwana Tanga

Nimejibiwa na nimeridhika. Swali la mwisho mkuu: na wewe utaacha ukurasa mweupe kwa ajili ya yule aliyemtoa namba sita?

---

Mtunza Jezi

Nilitaka hivyo. Mwanzoni kabisa niliacha karatasi moja wazi, nikaandika kichwa cha habari juu, nikajiona nimemaliza.

Halafu wiki iliyopita nikakutana na namba sita. Sasa hivi ana duka la vipuri vya pikipiki, ana watoto wawili. Nikamwonyesha daftari. Alipofika kwenye ile karatasi nyeupe akageuza, akaangalia nyuma, akarudi mbele, akaniuliza: "Mbona siku ile hujaiandika?" Nikamweleza habari ya Shackleton. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yule mzungu hakuwa ameona. Wewe ulikuwepo."

Na ni kweli. Shackleton alikuwa anazungumzia vichwa vya watu, kilichomo na kisichokuwemo, na humo hakuna wa kuingia kuangalia. Mimi nilisimama hatua tatu kutoka mlangoni na vikombe mkononi. Niliona viatu vikikanyaga mchoro, viatu vyeusi vya kamba, kimoja kimefungwa vibaya. Nilisikia maneno yote. Nikiacha pale weupe nitakuwa nimemnyamazia mtu ambaye alinikabidhi jezi yake ikiwa imekunjwa.

Kwa hiyo nimeijaza ile karatasi, mbele na nyuma, na imeingia nyingine tatu. Nitaitupia humu nzima Jumamosi. Inaanza hivi: "Mlango ulifunguliwa bila kugongwa, na kocha hakuinua kichwa, kwa sababu alikuwa bado hajamaliza kumchora beki wa kushoto."